Kila kipimo kilipita, kamba ikafeli: kisa cha winchi ya tani 5

"Waya huu bado mzima, Mkuu. Hata haunasi mkono."

Fundi mkuu alisema hivyo huku akipitisha kiganja juu ya kamba ya winchi, kutoka usawa wa kifua hadi mkono ulipofika, kama mtu anayempapasa ng'ombe mnadani. Kiganja kilirudi cheusi tii. Ilikuwa grisi mpya, inang'aa, haijashika hata punje ya vumbi, tena ndani ya karakana ambayo vumbi la mawe limetanda mpaka kwenye vikombe vya chai. Nikajua kamba ile imepakwa jana yake, kwa ajili yangu. Sikumlaumu. Mgeni akitoa taarifa nyumba hufagiliwa, na mimi, mkaguzi, nilikuwa nimetoa taarifa siku tatu kabla. Nilichomkataza ni kile kiganja. Uzi mmoja uliokatika ukisimama kama mwiba, unapasua nyama mpaka kwenye mfupa. Kamba ya waya hupapaswa kwa kitambaa, na hata hicho kwa tahadhari.

Karakana yenyewe iko Dar es Salaam, si mbali na bahari. Wanakata graniti na marumaru za sakafu, ngazi na meza za jikoni. Mwenye mali alikuwa anawania kazi kwenye jengo la ghorofa, na mkandarasi akamwambia alete karatasi za vifaa vyake vya kunyanyulia, kwa kuwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ingemfikia hata yeye kama jambo lingeharibika. Kwa hiyo alichonihitaji hasa ni barua yenye muhuri. Ukaguzi ulikuwa njia tu ya kuipata.

Winchi ni ya umeme, tani 5, aina ya CD1 ya Kichina, ile inayotembea chini ya boriti la chuma na kuendeshwa kwa kibonyezo kinachoning'inia. Ni mashine rahisi, na kwa maoni yangu si mbaya kama inavyosemwa. Kamba ya milimita 15 inatoka kwenye dramu, lile pipa linaloiviringisha, inashuka, inazunguka kapi la ndoano, inapanda tena na kufungwa kwenye mwili wa winchi kwa soketi ya kabari. Ukinyanyua tani 5, kila upande wa kamba unabeba tani 2 na nusu.

Kamba ya aina ile ina misokoto 6, na kila msokoto una nyuzi 37 za chuma. Jumla ni nyuzi 222. Katikati kuna moyo wa nyuzi za mmea, mara nyingi mkonge, ndugu wa ule unaolimwa Tanga na Morogoro. Wengi hudhani moyo ule ni wa kujazia tu. Kazi yake ni mbili: kuishikilia misokoto kwa ndani isisagane, na kutunza mafuta yanayolainisha nyuzi kila kamba inapokunjwa. Moyo ukikauka au kuoza, misokoto huzama ndani na kamba hukonda.

Tuliteremsha ndoano mpaka chini, tukazima umeme kwenye swichi kuu, nikatia kufuli langu na ufunguo nikaweka mfukoni. Kisha kazi ya aibu: kuitoa grisi ya jana. Kijana anayeendesha winchi alitaka kuleta dizeli. Nikamzuia, kwa sababu dizeli haiishii juu. Inapenya na kuosha mafuta ya moyoni, na hapo umeikagua kamba na kuiua siku ile ile. Tulitumia brashi ya waya na matambara, saa nzima na zaidi, juu ya jukwaa la magurudumu. Kijana yule alikuwa na subira. Fundi mkuu alikwenda kunywa chai.

Grisi ilipotoka, nyuzi zilianza kujieleza. Sehemu kubwa ya kamba haikuwa na neno. Lakini kulikuwa na kipande, karibu urefu wa mkono, ambacho kilikuwa na miiba midogo midogo, mingine imelala kufuata msokoto, mingine imesimama. Nikamwomba kijana anioneshe kwa mkono ni kimo gani slabu za mawe hunyanyuliwa mara nyingi. Akaonesha kimo cha meza ya msumeno. Tulipopiga hesabu, kipande kile ndicho kinachokaa juu ya kapi slabu zinapokuwa kwenye kimo hicho. Mahali ambapo mzigo huning'inia, husubiri, hupandishwa kidogo, hushushwa kidogo, siku nzima.

Huo ndio ugonjwa wa winchi za karakana. Kreni ya bandarini huvuta kamba yake yote. Winchi ya karakana hufanya kazi ile ile, kimo kile kile, na kamba huchoka sehemu moja huku kwingine ikibaki kama ilivyotoka dukani. Mkaguzi anayetazama mita mbili za karibu na ndoano na kutia saini hakosi kuiona kamba nzuri.

Nilichora chaki. Kiwango cha kimataifa cha kukagua kamba za kreni na winchi, ISO 4309, kinataka nyuzi zilizokatika zihesabiwe katika urefu wa aina mbili: mara 6 ya kipenyo cha kamba, na mara 30. Kwa kamba ya milimita 15 hizo ni milimita 90 na milimita 450. Kwa kamba yenye nyuzi 222, inayofanya kazi za kiasi kama ile, kikomo ni nyuzi 10 katika urefu mfupi au 19 katika ule mrefu. Ikifika hapo, kamba itupwe.

Mimi nilihesabu 6 na 11.

"Imepita," akasema fundi mkuu, ambaye chai ilikuwa imekwisha.

Mwenye mali naye alikuwa amefika, na alikuja na hesabu yake, ambayo lazima niikubali kwamba ilikuwa ya mtu aliyefikiri. Slabu moja ya graniti ya mita 3 kwa mita 1.8, unene sentimita 2, ina karibu kilo 290. Yeye hufunga kumi kumi, yaani tani 2.9. Kila upande wa kamba unabeba chini ya tani moja na nusu. Kamba mpya ya aina ile hukatika kwa nguvu ya tani kama 12. "Mimi naipa tani moja na nusu kitu kinachobeba kumi na mbili, halafu wewe unahesabu nyuzi sita?"

Nilimuuliza kama utotoni aliwahi kukata waya wa seng'enge bila koleo. Akacheka. Kila aliyekulia kijijini amefanya hivyo: unaukunja huku, unaukunja kule, mara ya ishirini unakatika mikononi, na hakuna uzito wowote uliotundikwa juu yake. Kamba ikizunguka kapi, kila uzi unakunjwa, na ukitoka kwenye kapi unanyooshwa. Mizigo 40 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa miaka miwili, hata ukitoa sikukuu ni kama mara 24,000 kwenda juu na idadi hiyo hiyo kushuka. Uzito una mchango wake, sisemi hauna. Lakini ile akiba ya mara tano unayoiona kwenye karatasi ni ya kamba mpya. Imewekwa kwa ajili ya mshtuko, makosa na uchovu, na uchovu ulikwishaanza kuila.

Bado, mpaka hapo kamba ilikuwa imepita. Nikatoa kalipa.

Kupima unene wa kamba kuna namna yake. Midomo ya kalipa ikae juu ya migongo ya misokoto miwili inayotazamana. Ukiiweka kwenye mabonde utapata namba ndogo kuliko ukweli. Unapima, unazungusha robo duara, unapima tena, unachukua wastani. Pale penye miiba nilipata 14.2 na 14.4. Wastani 14.3.

Kiwango kinasema kamba yenye moyo wa mkonge itupwe ikiwa imepungua asilimia 10. Lakini imepungua kutoka wapi? Ukitoa 14.3 kwenye 15, upungufu ni asilimia 4.7, jambo dogo. Hivyo ndivyo wengi wanavyopiga, na hivyo ndivyo ilivyopigwa na aliyenitangulia, kwa mujibu wa karatasi niliyooneshwa. Shida ni kwamba 15 ni jina la kamba tu. Kamba mpya inayoitwa ya milimita 15 kwa kawaida huwa nene kidogo kuliko jina lake, na unene unaotakiwa katika hesabu ni ule uliopimwa siku kamba ilipofungwa na kuanza kazi. Nikauliza uko wapi.

Hakuna aliyejua. Fundi mkuu alisema kamba ina miaka miwili. Mwenye mali akasema mitatu. Kijana akasema yeye aliikuta. Hakukuwa na cheti cha mtengenezaji, hakukuwa na daftari, risiti ilikuwa imeandikwa "waya 15mm" na jumla ya shilingi, basi. Kamba isiyo na tarehe ya kuzaliwa.

Hata hivyo kuna mahali ambapo kamba huwa imejiandika yenyewe. Hata ndoano ikishuka mpaka mwisho, lazima ibaki mizunguko miwili au mitatu kwenye dramu, ili ule msuguano usaidie vibano vinavyoshika mwisho wa kamba. Mizunguko hiyo haishuki kamwe. Haijawahi kuliona kapi. Tulifungua pete ya kuongozea kamba, tukaegemeza ndoano juu ya matofali ili kamba ilegee, nikainua mzunguko wa pili kwa bisibisi na kuupima: 15.4. Nikapima na mkia mfupi unaotokeza kwenye soketi ya kabari, ambao haubebi chochote: 15.5. Nikachukua 15.4, kwa kuwa mkia haujawahi kukazwa na mzigo.

Hesabu ikabadilika. Kutoka 15.4 hadi 14.3 ni milimita 1.1. Ukiigawa kwa 15, kwa kuwa kiwango kinataka upungufu ugawiwe kwa jina la kamba, ni asilimia 7.3.

"Bado haijafika kumi," akasema fundi mkuu. Safari hii alisema taratibu zaidi.

Alikuwa sahihi, na ndiyo sababu naandika kisa hiki. Nyuzi 6 ni chini ya 10. Asilimia 7.3 ni chini ya 10. Mkaguzi mwenye fomu ya vema na kosa angeweka vema mbili na kwenda kula. Lakini kiwango hakikomei hapo. Kinataka kila dosari ipewe uzito wake kwa asilimia ya njia kuelekea kutupwa, kisha dosari zilizoko mahali pamoja zijumlishwe. Nyuzi 6 kati ya 10 ni asilimia 60. Upungufu wa unene ulio kati ya asilimia 7 na 8, kwa kamba ya moyo wa mkonge, unahesabiwa asilimia 40. Sitini na arobaini ni mia. Ikifika mia, kamba imekwisha.

Fundi mkuu hakuipenda hesabu hiyo, na alisema kitu ambacho nimekisikia kwa mafundi wengi wazuri: unawezaje kujumlisha nyuzi na milimita? Ni kama kujumlisha mbuzi na magunia. Niliichukulia kama hoja ya kweli, kwa sababu ni hoja ya kweli. Jibu liko ndani ya kamba. Kamba inapokonda huku migongo ya nyuzi za nje haijasagika sana, maana yake moyo umesinyaa. Moyo ukisinyaa, misokoto hugusana kwa ndani, chuma kwa chuma, bila mafuta. Inasagana na kukatana mahali ambapo jicho halifiki. Kwa hiyo ile milimita 1.1 inakuambia kwamba hesabu yako ya nyuzi za nje ni pungufu. Vitu hivyo viwili ni shahidi mmoja anayesema mara mbili.

Akanyamaza, kisha akaleta pendekezo la pili ambalo nalo nimelizoea: tuandike tani 2 kwenye winchi badala ya tani 5, tuendelee mpaka mwisho wa mwezi. Nilikataa. Rangi ya "tani 2" haitaifikia ndoano. Siku lori limesimama getini na dereva anapiga honi, watu watafunga slabu kumi na tano. Na kamba iliyochoka kwa kukunjwa itaendelea kukunjwa hata kwa mzigo wa slabu moja.

Hapa nitatoka kidogo nje ya karakana. Kamba ya waya ilianza kutumika mwaka 1834 huko Clausthal, kwenye milima ya Harz nchini Ujerumani, kazi ya ofisa wa migodi aliyeitwa Wilhelm Albert. Kabla yake walivuta madini kwa minyororo ya chuma, na mnyororo una tabia moja mbaya: pete moja ikikatika, yote imekwisha, na jana yake ilionekana nzima. Albert alisokota nyuzi za chuma, misokoto mitatu yenye nyuzi nne nne, nyuzi 12 tu kwa jumla. Uzi mmoja ukikatika, wengine wanabeba, na fundi anaona. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko nguvu zake: kamba ya waya hupiga hodi kabla ya kuingia. Sasa kuipaka grisi usiku kabla ya mkaguzi ni kuziba masikio wakati hodi inapigwa.

Niliweka lebo nyekundu. Mwenye mali alikasirika kwa heshima, kama wazee wa pwani wanavyokasirika, yaani aliniita "mwanangu" mara nyingi kuliko kabla. Lori lenye slabu lilikuwa njiani. Alikodi kreni ndogo kwa siku nne, na gharama hiyo ilimuuma kuliko ya kamba.

Siku iliyofuata tulishusha kamba. Nilitaka nione ndani ya soketi ya kabari, na niliyoyakuta yalinifanya nijilaumu kwamba sikuifungua siku ya kwanza. Soketi ya kabari inafanya kazi kwa ujanja rahisi: kamba inapita ndani, inaizunguka kabari, inatoka upande wa pili, na kadiri mzigo unavyovuta ndivyo kabari inavyojibana. Upande unaobeba mzigo unatakiwa uingie kwenye ule ubavu ulionyooka, ili uvutano upite katikati ya pini. Hapa ilikuwa imegeuzwa. Upande wa mzigo ulipita kwenye ubavu wa mshazari, kwa hiyo kamba ilikuwa inakunjwa kwenye mdomo wa soketi kila mzigo ulipopanda. Juu ya hapo, mtu alikuwa amefunga klipu ya U kuunganisha mkia na kamba ya mzigo, bila shaka kwa nia njema. Klipu hiyo inafanya mkia ubebe mzigo na kuizuia kabari isijibane. Klipu, ikiwepo, ifungwe kwenye mkia peke yake.

Ndani ya mdomo wa soketi nilikuta nyuzi 4 zimekatika. Kwa nje hukuona hata moja.

Tarehe 3 Septemba 2025, kule Lisbon, Ureno, gari la reli ya mlimani liitwalo Glória, linaloshikiliwa kwa kamba ya waya, lilishuka mteremko bila breki za kutosha na kuua watu 16. Wachunguzi walieleza kwamba kamba ilikatika pale inapofungwa kwenye gari, mahali ambapo haiwezekani kuonekana bila kufungua sehemu. Ukaguzi wa macho ulikuwa umefanywa asubuhi ya siku hiyo hiyo. Habari ile ilisomwa sana na watu wa kazi yetu, na mimi niliisoma na kutikisa kichwa. Miezi miwili baadaye nilisimama mbele ya soketi na kuridhika kwamba mkia wake unatokeza vizuri.

Kapi nalo lilikuwa na hadithi. Kila kamba hulichimbia kapi mfereji wake, na kamba inapokonda, mfereji nao hukonda pamoja nayo. Nilipoweka kipimo cha mfereji, kile cha bati chenye umbo la nusu duara, kilikwama juu bila kufika chini. Kamba mpya ya 15.4 ingebanwa mle ndani kama mguu kwenye kiatu kidogo. Watu hubadilisha kamba, baada ya miezi sita inakatika nyuzi, wanalaumu duka. Nililiandika kapi jipya kwenye orodha, pamoja na beringi yake. Pete ya kuongozea kamba ilikuwa imelika upande mmoja, na hapo sikuhitaji kuuliza sana. Kijana mwenyewe alisema: kontena likifika, slabu za mwisho mwisho huvutwa kwa winchi kutoka ndani, kwa mshazari, kwa sababu forklifti haiingii. Winchi hunyanyua, haiburuti. Ikiburuta, kamba hupanda juu ya kingo za mifereji ya dramu na kujisugua kwenye pete. Ongeza maji ya msumeno yenye unga wa graniti, unaoingia kwenye grisi na kuigeuza msasa, ongeza na hewa ya chumvi. Si ajabu moyo ulikauka.

Ununuzi ulichukua siku mbili. Kule eneo la Gerezani, jijini, kamba zimejaa, na wauzaji ni wepesi wa maneno. Wa kwanza hakuwa na ya 15, akatupa ya 16. "Nene zaidi, imara zaidi, mzee wangu." Mwenye mali akanitazama kwa matumaini. Nene zaidi haikai kwenye mifereji ya dramu iliyochongwa kwa 15. Mizunguko inasukumana, inapandana, inapondana. Wa pili alikuwa na ya 15 lakini yenye moyo wa chuma, ngumu kukunjika kuliko ile ya awali, na bila karatasi. Wa tatu alikuwa na kamba ileile iliyotakiwa: misokoto 6 ya nyuzi 37, moyo wa mkonge, imesokotwa upande ule ule na ya zamani, na cheti cha mtengenezaji kinachoonesha nguvu ya kukatika na namba ya bobini, lile gurudumu ambalo kamba huviringishwa, inayolingana na iliyogongwa kwenye bobini yenyewe. Ilikuwa ghali zaidi. Mzee alilipa bila kuniita mwanangu.

Kufunga hakukuwa na mengi. Kabla ya kukata, tulifunga kamba kwa waya mwembamba pande zote mbili za mahali pa kukata, ili isifumuke na kupoteza msokoto wake. Bobini tuliitundika kwenye bomba ikazunguka. Ukiichomoa kamba ubavuni mwa bobini iliyolala, kila mzunguko unaleta kitanzi, na kitanzi kikikazwa ni kovu la maisha. Vibano vyote vya dramu vilirudi mahali pake, mizunguko mitatu ikabaki, kabari ikaingia upande wake, klipu ikafungwa kwenye mkia tu. Limiti swichi ya juu, ile inayosimamisha ndoano isipande kupita kiasi, tuliirekebisha upya na kuijaribu bila mzigo, kwa sababu kamba ikibadilika urefu, nayo inadanganyika. Kisha tukanyanyua nusu tani mara kumi, polepole, kamba ijikalishe, ndipo tukapanda kidogo kidogo mpaka mzigo kamili.

Baada ya hapo kijana akapima yeye mwenyewe, mara mbili, robo duara: 15.4 na 15.4. Akaandika kwa rangi nyeupe kwenye nguzo, chini ya swichi: tarehe, 15.4, namba ya bobini.

Ikabaki kamba ya zamani. Fundi mkuu alikuwa na mnunuzi, mtu wa magari mabovu aliyetaka kamba ya kuvutia. Niliomba msumeno na tukaikata vipande vya mita moja moja pale pale uani, kwa sababu kamba iliyokataliwa huwa ina safari ndefu, na mwisho wa safari hiyo kuna mtu asiyejua ilikataliwa kwa nini. Kipande chenye alama za chaki nilimpa fundi mkuu akifumue. Alikaa juu ya debe na koleo, akaifungua misokoto mmoja mmoja. Moyo ulitoka kama kumbi kavu, ukamwagika unga wa kahawia magotini pake. Kwenye zile milimita 90, upande wa ndani, ule misokoto ilikokuwa ikigusana, akahesabu nyuzi 9 nyingine zilizokatika. Akazihesabu tena. Kisha akakitia kile kipande kwenye kabati lake la vifaa na kulifunga.

Mwezi uliofuata kijana alinitumia picha ya daftari jipya. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mstari mmoja: 15.3, nyuzi 0, soketi imetazamwa. Chini yake alikuwa ameuliza, "Shikamoo Mkuu. Nipime kabla ya kupaka grisi au baada?"

Nikamjibu: "Marahaba. Kabla."